Uliota Lini, Ulisema Lini?

Siku ya tatu ya msiba wa binamu yangu, Tanga, wanawake walikaa mikekani nyuma ya nyumba wakichambua mchele. Habari ya ajali yenyewe ilikuwa imeshachosha: basi lilivyopinduka, nani alikaa upande wa dereva, nani alishuka kituo kimoja kabla. Ndipo shangazi akasema, taratibu, bila kuinua macho kwenye ungo: "Mimi niliota." Aliota jino la mbele limeng'oka, likamdondokea kiganjani, bila tone la damu. Jirani akadakia: yeye aliota harusi, watu wamependeza, ngoma inalia, ila bi harusi haonekani. Mwingine aliota maji machafu yakiingia sebuleni. Mchele ulipokwisha nilikuwa nimeshahesabu ndoto tano, zote za wiki ileile ya ajali. Hata moja sikuwahi kuisikia kabla basi halijapinduka.

Sisemi walikuwa wanadanganya. Shangazi namjua, si mtu wa uongo, na jino lile bila shaka aliliota. Ninachouliza ni kitu kidogo zaidi, na kwa sababu ni kidogo huwa hakiulizwi: uliota lini, na ulisema lini? Kati ya maswali hayo mawili ndipo utabiri wote wa ndoto unapopata riziki yake.

Tazama kwanza ishara zenyewe. Jino ni msiba. Maji machafu ni msiba. Harusi, jambo la furaha kuliko yote mtaani, nayo ndotoni ni msiba, kwa sababu eti ndoto huenda kinyume. Lakini ukiota umekufa wewe mwenyewe, hapo utaambiwa umri wako ni mrefu. Tafsiri inayokwenda mbele inapofaa na kurudi nyuma inapofaa haiwezi kukosea, hata ikitaka. Inasimuliwa kwamba watu wawili walimwendea Ibn Sirin, yule mwanazuoni wa Basra aliyefariki mwaka 729, ambaye jina lake liko kwenye majalada ya vitabu vya tafsiri ya ndoto hadi leo. Wote wawili walikuwa wameota wanaadhini. Mmoja alimwambia atakwenda Hija. Wa pili alimwambia atakamatwa kwa wizi. Wanafunzi wake waliposhangaa, akawaeleza kuwa amewatazama wenyewe, mmoja ana sura ya wema na mwingine sura yake haikumpendeza. Sijui kisa kizuri kuliko hiki kuonyesha kazi ya mtafsiri. Mzee hakuisoma ndoto, alimsoma mtu.

Kesi inayonishughulisha zaidi, hata hivyo, si ya pwani yetu. Ni ya Wales, katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe kiitwacho Aberfan. Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 1966, kama saa tatu na robo asubuhi, lundo namba 7 la mabaki ya mgodi, lililorundikwa mlimani juu ya chemchemi, lililainika na kuporomoka kama uji. Likaifunika Shule ya Msingi Pantglas na nyumba za jirani. Watoto walikuwa ndiyo kwanza wameingia madarasani, siku ya mwisho kabla ya likizo fupi. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto.

Katika siku zilizofuata alifika kijijini hapo John Barker, daktari wa magonjwa ya akili kutoka hospitali ya Shelton, Shrewsbury. Wakati ule alikuwa akiandika kitabu juu ya watu wanaokufa kwa hofu tu. Alichokikuta kilimvuta upande mwingine: watu walikuwa wakisimulia ndoto. Iliyovuma kuliko zote ni ya msichana wa miaka 10, mmoja wa waliokufa. Siku moja kabla, alimwambia mama yake ameota anakwenda shule na shule haipo, kitu cheusi kimeshuka kikaifunika yote. Mchungaji wa pale aliyaandika maelezo hayo na wazazi wakayathibitisha kwa saini. Waliyathibitisha baada ya mazishi, lakini nani angewadai waandike mapema? Mtoto anasema ndoto, mama ana haraka ya kazi.

Barker alishirikiana na Peter Fairley, mwandishi wa habari za sayansi wa gazeti la Evening Standard la London, wakatoa tangazo: aliyeota au kuhisi maafa yale kabla hayajatokea aandike. Zikaja barua 76. (Tume iliyochunguza maafa yale nayo ilikaa siku 76. Anayetaka ishara aichukue hiyo.) Barker alikuwa mwamini kiasi, lakini alikuwa pia mtu wa hesabu, na aliona tatizo lilelile la mikeka yetu ya Tanga: barua zote zimeandikwa baada. Kwa hiyo Januari 1967 wakafungua katika ofisi za gazeti kitu ambacho naweza kukiita daftari la taifa la ndoto. Ukiota ajali, moto au kifo cha mkubwa, usingoje kitokee. Andika au piga simu leo. Muda na tarehe vinawekwa, halafu wanasubiri magazeti ya siku zijazo.

Jaribio hili nalipenda. Ni la haki kwa pande zote mbili. Haliwaiti waotaji wajinga wala haliwapi heshima ya bure. Katika miezi 15 daftari lilipokea taarifa 723, na zilizohesabiwa kuwa zimetimia zilikuwa 18, yaani moja katika kila arobaini. Kati ya hizo, 12 zilitoka kwa watu wawili tu: Alan Hencher, aliyekuwa akihudumu kwenye mitambo ya simu ya posta, na Kathleen Middleton, mwalimu wa muziki na dansi. Hawa wawili ndio wanaowapa tabu wenye mashaka kama mimi. Machi 1967 Hencher alimpigia Barker alfajiri akimwambia ameiona ndege aina ya Caravelle ikianguka eneo la milima, watu 123 au 124 watakufa. Tarehe 20 Aprili ndege ilianguka karibu na Nicosia, Cyprus, na waliokufa mwishowe wakawa 126. Ndege ilikuwa Britannia, si Caravelle. Hata hivyo nikisoma namba zile shingo husisimka kidogo, na sitajifanya haisisimki.

Ila kaa na hiyo 723. Kwanza, wanaopiga simu kutabiri maafa hutabiri yale ambayo dunia haikosi: ndege, treni, meli, moto. Subiri wiki kadhaa, ndege itaanguka. Pili, tufanye hesabu ya dukani. Tuseme Tanzania ina watu wazima milioni 30 wanaolala na kuota. Tuseme pia kwamba, kwa bahati tupu, ndoto ya mtu hufanana na jambo la kesho yake usiku mmoja tu katika kila 10,000, ambao ni zaidi ya miaka 27 ya kulala. Kwa hesabu hiyo watu 3,000 wataamka kesho na ndoto iliyotimia. Keshokutwa wengine 3,000. Kila mmoja wao atakuwa anasema kweli, atakuwa na mke au mume wa kumshuhudia, na wale wengine waliobaki hawatakuwa na cha kusimulia kwa mtu yeyote.

Kuna jaribio jingine, la Marekani, ambalo kwangu lina uzito kuliko la London kwa sababu lilikuwa juu ya jambo moja lenye jibu moja. Usiku wa tarehe 1 Machi 1932 mtoto mdogo wa rubani Charles Lindbergh aliibwa nyumbani kwao New Jersey. Taifa zima halikulala. Au tuseme lililala na kumwota mtoto yule. Henry Murray wa Chuo Kikuu cha Harvard aliomba kupitia magazeti watu wamtumie ndoto zao. Zikafika zaidi ya 1,300 kabla mtoto hajapatikana. Tarehe 12 Mei akapatikana: amekufa, amefukiwa kijuujuu msituni, karibu na nyumbani. Zikafunguliwa ndoto. Kama asilimia 5 tu zilisema amekufa. Zilizokuwa na kifo, kaburi na miti kwa pamoja zilikuwa nne. Wengi wa waliobaki walimwota yu hai, kabebwa na watu wenye lafudhi za kigeni, kafichwa kwenye meli, analia. Waliota magazeti waliyosoma na matumaini waliyolala nayo.

Kuhusu magazeti, yupo J. W. Dunne, mwanajeshi na mhandisi wa ndege wa Kiingereza ambaye kitabu chake cha mwaka 1927 kiliwafanya watu wengi waweke daftari chini ya mto. Akiwa Afrika Kusini mwaka 1902 aliota kisiwa kinakaribia kulipuka na watu 4,000 watakufa. Gazeti lilipomfikia lilikuwa na habari za mlipuko wa volkano ya Martinique, na namba aliyoisoma ilikuwa ileile, 4,000. Miaka mingi baadaye alipolinakili akagundua gazeti liliandika 40,000. Yeye ndiye aliyepunguza sifuri. Na idadi ya kweli ilikuwa karibu 30,000. Mtu mwingine angeona hapa ndoto imeanguka. Dunne akasema, basi sikuiota volkano, niliota nikisoma gazeti vibaya. Unaweza kumcheka, ila ushauri wake wa kuandika ndoto ukiwa bado hujasimama kitandani ni mzuri, na mimi niliufuata.

Daftari langu lilikuwa la kurasa 48, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Niliandika wiki tisa. Mengi humo ni takataka: nimechelewa mtihani, nimevaa kanzu bila suruali, marehemu babu ananidai nauli. Wiki ya sita daladala niliyopanda iligongwa nyuma na lori pale kwenye foleni, kioo cha nyuma kikapasuka chote kikamwagika kwenye siti. Hakuumia mtu. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshakumbuka: niliiota hii. Nikamwambia mke wangu nikiwa bado mlangoni, niliota gari na kioo kinapasuka, na limo kwenye daftari. Nilikuwa na uhakika kama wa jina langu. Moyo ulikuwa unadunda, nusu kwa ajali, nusu kwa kiburi.

Tukalifungua. Ukurasa ulikuwepo, wa siku kumi na moja nyuma, mwandiko wangu wa usingizini: "Safari. Kioo kimepasuka. Najiona sura mbili. Mama ananiambia usikanyage." Kilikuwa kioo cha kujitazamia, cha kabati la mama! Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa dirisha la basi na kwa kitu cha kujitazamia ukinyoa ndevu, na kichwa changu kilipita kwenye huo mlango bila kubisha hodi. Gari halikuwemo kabisa. Neno "safari" nililipanua likawa daladala. Mke wangu alisoma, akanirudishia daftari, akasema, "Haya, nabii, kanawe ule."

Nisingekuwa na ukurasa ule ningekuwa nasimulia hadi leo, kwa kiapo, kwamba niliota ajali. Na ningekuwa nasema ninachoamini. Kumbukumbu ya ndoto ni udongo mbichi. Tukio likija juu yake linaacha umbo lake.

Hapo ndipo ninapomfikiria Mugo wa Kibiru, mwaguzi wa Wakikuyu. Jomo Kenyatta, katika kitabu kilichotoka mwaka 1938, anasimulia jinsi Mugo alivyoamka asubuhi moja anatetemeka, mwili umejaa michubuko, hawezi kusema. Alipopata sauti akawaambia wazee kwamba watakuja wageni kutoka kwenye maji makubwa, rangi yao kama ya chura mdogo, nguo zao kama mabawa ya kipepeo, wamebeba fimbo zinazotema moto. Na atakuja nyoka wa chuma, atakayepita kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Habari ya ndoto, kwa maandishi ya Kenyatta, inatufikia zaidi ya miaka 30 baada ya nyoka kufika. Siwezi kujua Mugo alisema nini hasa asubuhi ile, na nyoka anayefika ziwani kamili namna hiyo ananifanya nikumbuke kioo changu. Lakini misafara ya pwani ilikuwa ikipita bara muda mrefu, na bunduki zilikuwa zimeshasikika. Mtu mwenye akili, anayesikiliza wapita njia, angeweza kulala na picha ile kichwani. Kinachonivutia ni ushauri unaotajwa baada ya ndoto: msipigane nao kwa mikuki na mishale, kaeni nao kwa adabu, ila msiwaamini haraka. Huo ni ushauri wa mtu anayeijua hali ya siku yake, na hauhitaji muujiza.

Bibi yangu upande wa mama alikuwa na utaratibu mwingine kabisa, ambao nilipokuwa kijana niliuona wa kizamani. Ukimwambia, "Bibi, nimeota," kabla hujaendelea atasema "Kheri," kama mtu anayeweka kigoda mlangoni. Kama ni ndoto njema, atakwambia mweleze anayekupenda. Kama ni mbaya, hataki kuisikia. Tema kidogo kushoto mara tatu, muombe Mungu akulinde, geuka ulalie ubavu mwingine, na usimwambie mtu. Ni adabu iliyotoka kwenye hadithi za Mtume, na pwani nzima inaijua, hata kama si wote wanaifuata. Na istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo, vilevile: wengi huswali rakaa mbili kisha wakalala wakingoja kuonyeshwa mchumba ndotoni, ilhali dua yenyewe haikuahidi ndoto yoyote. Bibi alilijua hilo pia.

Kwa mtafiti, adabu hii ni balaa. Ndoto mbaya inafichwa hadi siku ya tukio, halafu tukio linampa mwenyewe ruhusa ya kuisema. Kwa hiyo msibani utasikia ndoto tano na jana yake husikii hata moja. Lakini nilipofika mwisho wa habari ya Barker ndipo nilipomwelewa bibi. Kati ya taarifa zilizoingia kwa daktari yule zilikuwemo zinazomhusu yeye mwenyewe. Hencher alimwambia ana hofu juu ya maisha yake, na baadaye Middleton naye. Kumbuka huyu ndiye aliyeandika kitabu juu ya watu wanaokufa kwa sababu wameambiwa watakufa; kitabu hicho kilitoka mwaka 1968. Agosti mwaka huohuo mshipa ulipasuka kichwani mwake akafa, umri miaka 44. Mwenye kuamini atasema wale wawili waliona. Mimi nasema hatuwezi kujua, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: ameshaambiwa. Hakuambiwa siku, wala ugonjwa, wala dawa. Alipewa hofu isiyo na anuani, aishi nayo zaidi ya mwaka. Bibi angewasimamisha Hencher na Middleton pale mlangoni. Kheri, wajukuu zangu, temeni kushoto.

Turudi Aberfan, kwa yule msichana, maana sitaki ndoto yake iachwe kwenye hesabu ya moja kwa arobaini. Mtoto yule aliishi chini ya lundo. Alilitazama kila siku akienda shule. Mvua ikinyesha, maji meusi yalishuka yakafurika mitaa ya jirani na shule, na wakazi walikuwa wameshalalamika. Lundo lenyewe lilikuwa limeshateleza mwaka 1963. Mwaka huohuo mhandisi wa halmashauri ya Merthyr Tydfil aliandikia mamlaka ya makaa ya mawe barua yenye kichwa cha habari kisichohitaji Ibn Sirin: hatari ya tope la makaa linalomwagwa nyuma ya shule za Pantglas. Tume ilipotoa ripoti yake Agosti 1967, lawama iliiweka juu ya mamlaka hiyo. Kitu cheusi kimeshuka, shule haipo: mhandisi aliandika karibu hayohayo akiwa macho, miaka mitatu kabla, kwenye karatasi yenye tarehe. Kama mtoto aliota kweli, na mimi naamini aliota, basi hakuhitaji kuiona kesho. Alikuwa ameiona leo, jana na juzi. Wenye madaraka ya kulihamisha lundo ndio walioamua kutoitazama.

Pale Tanga, jioni ya siku ile ya ndoto tano, vijana walikuwa wanakunja maturubai. Alikuwemo mmoja aliyewahi kuwa konda kwenye basi lile, akaacha kazi mwezi mmoja kabla ya ajali. Alisema, akiwa amebeba nguzo begani, kwamba breki ya gari ile ilikuwa haishiki mpaka uikanyage mara mbili, na kila mtu stendi alikuwa anajua. Dereva mwenyewe alishasema ofisini, na fundi aliletwa akaangalia akaondoka. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mzee mmoja akajibu, "Kazi ya Mungu." Shangazi alikuwa karibu na jiko anasimulia jino lake kwa wageni waliofika mchana, nao walimsogelea, wakamuuliza lilikuwa la juu au la chini. Kijana akaenda kuweka nguzo garini.